Mwisho Aliosomewa Hakimu

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja likakunjika. Lazima muwe wawili, kila mtu na pembe zake, mvutane, mkutane katikati, mwachane, mkutane tena. Kazi hiyo hushughulisha mikono na kuiacha midomo bure. Ndiyo maana wanawake wanne wa chumba cha kukunjia, nyuma ya jengo la kufulia, walikuwa na mazoea ya kuzungumza vitabu.

Wapo wanaodhani vitabu ni vya watu wenye viti vya kuzunguka. Hao hawajawahi kuingia chumba kile. Kila mwezi mmoja wao alinunua kitabu cha mitumba, akakisoma, kisha akawasimulia wenzake huku akikunja, akikisifia au akikiponda, na kikapita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikanuka sabuni. Kanuni ilikuwa moja tu: mwisho hausemwi. Anayetaka mwisho akasome. Aliyeropoka alikunja foronya peke yake wiki nzima. Kanuni hiyo aliitunga mjane mmoja mwenye sauti nzito, asiyejua kubembeleza mtu, wakamwita Hakimu, na jina likamganda.

Sasa ilikuwa wiki ya sita Hakimu hajaonekana kazini. Pembe zake za shuka zilishikwa na kibarua ambaye hata tangazo la ukutani hakuwahi kulitupia jicho.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Bi Miwani, mkubwa wao kwa umri.

Aliyeulizwa alikuwa dada wa marehemu mume wa Hakimu. Tangu kaka yake afariki, waliishi pamoja kwenye vyumba viwili vya kupanga, na kwa kuwa Hakimu alimwita Wifi, pale kazini kila mtu alimwita Wifi, hata msimamizi.

"Juzi daktari aliniita pembeni," alisema Wifi. "Kasema tukae naye nyumbani, tumpe kila anachotamani kula."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Walikunja mashuka mawili.

"Na mtoto?" Bi Miwani akauliza.

"Hajui."

"Humwambii?"

"Kaniapisha. Anasema, akija kwa sababu naumwa, amekuja kwa maiti, hakuja kwangu."

"Kichwa kama jiwe la kusagia!" alisema Mrefu, mwenzao wa nne, na akasonya.

Walimjua mtoto wote. Mama yake alimpigia magoti msimamizi mpaka akapewa kazi ya kulisha tanuri la maji ya moto, na baada ya mwezi mmoja kijana akaiacha. Hakimu alimfuata uani, mbele ya wafuaji na madereva, akamwambia, "Mimi sikuzaa mtoto, nimezaa hasara." Kijana alivua glavu, akaziweka chini taratibu, akaondoka. Huu mwaka wa pili. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha matofali, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa basi, na mara moja moja alimpigia simu shangazi yake kwa siri. Kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Mama akiniita nakuja, Shangazi, hata kwa miguu. Lakini aniite yeye. Yeye ndiye alinifukuza."

Bi Miwani alifungua pochi lake akatoa kitabu cha jalada la kijani, kona zimelika.

"Nimekimaliza jana. Ni mama mmoja mjane, ana duka la kuoka mikate. Mwanawe kagombana naye, kaenda zake machimboni. Mama anangoja mtoto arudi mwenyewe, mtoto anangoja mama aandike barua. Basi wanangojana hivyo kitabu kizima."

"Halafu?" Mrefu akadakia.

"Halafu kajisomee. Unataka nikunje foronya peke yangu na mgongo huu?" Akamgeukia Wifi. "Msomee Hakimu. Msomee mpaka ukurasa wa mwisho, usiruke hata mstari. Mwisho wake utamfaa."

* * *

Siku ya kwenda kutolewa maji tumboni, muuguzi wa zamu, binti mdogo tu, aliuangalia mkokoteni wa wagonjwa, akamwangalia Hakimu, akauliza, "Shuka lake liko wapi?"

"Shuka gani?" Wifi aliuliza.

"Wagonjwa wanakuja na mashuka yao. Hatulazi mtu kwenye godoro tupu."

"Huyu amekunja mashuka ya hospitali hii miaka kumi na tisa."

"Mama, mimi hayo siyajui. Nafuata utaratibu."

Watu kwenye foleni waligeuka kutazama. Wifi alihisi uso unamwaka. Alivua mtandio wake, akautandika, akambeba mwenzake kwa mabega akamlaza, na mtandio ukaishia kwenye magoti, miguu ikabaki juu ya mpira mtupu. Hakimu hakusema kitu mpaka walipotoka nje, kwenye ngazi, akiwa amemwegemea.

"Wifi."

"Abee."

"Na foronya nazo watu wanaleta za kwao?"

Walicheka wote wawili, wakakaa chini kwenye ngazi kwa kukosa nguvu. Wiki ile ile barua ililetwa nyumbani kwamba nafasi ya Hakimu imejazwa na mtu mwingine. Wifi aliificha chini ya godoro lake. Hakimu aliikuta alipokuwa akitafuta chanuo, akaisoma kwa shida, akairudisha pale pale, akajitia hamnazo.

* * *

Walisoma alasiri, Wifi akishatoka kazini. Alivuta kiti mpaka dirishani penye mwanga, na Hakimu alilala ubavu, mkono chini ya shavu. Macho yake hayakushika herufi tena, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Mpumbavu huyu mama," alisema siku ya pili.

"Kwa nini?"

"Anakaa anapepeta unga tu, anangoja. Si amwandikie mwanawe barua?"

Wifi aliona mlango umefunguka, akaingia. "Na wewe je?"

"Mimi sina duka la mikate. Soma."

Akasoma. Siku ya nne Hakimu aliuliza kama huko machimboni kijana alikuwa akipata chakula cha kutosha, na Wifi akajibu kwamba kitabu hakikusema. Siku ya sita aliomba arudiwe ukurasa ambao mama anakutana na mtu aliyemwona mwanawe, na mtu yule anasema kijana amekonda lakini anacheka kama zamani. Aliusikiliza mara mbili. Kisha akageukia dari.

"Namba yake unayo?"

Wifi alishusha kitabu. "Ninayo."

"Bado anameza maneno akiongea?"

"Bado. Mpaka umwambie arudie."

"Baba yake hivyo hivyo." Akavuta shuka hadi kifuani. "Nilimwambia neno baya, Wifi. Mbele ya watu."

"Ulikuwa na hasira."

"Hasira ilikuwa yangu, neno nikampa yeye akaondoka nalo." Akafumba macho. "Zimebaki kurasa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Tumalize kesho. Tukimaliza nitajua la kufanya. Weka salio kwenye simu yako."

Jioni ile Wifi alichukua pesa ya sukari akanunua salio. Aliporudi alitembea upesi kama mtu anayewahi harusi, na majirani wawili aliowapita bila salamu walimshangaa.

* * *

Wifi hakuwa mtu wa kuchungulia mbele. Kwenye chumba cha kukunjia kuchungulia mwisho kabla hujaufikia kulikuwa aibu, karibu sawa na kuropoka. Kwa hiyo kesho yake alipokaa dirishani na kitabu, alikuwa hajui zaidi ya anavyojua msikilizaji wake.

Hakimu alikuwa ameoga. Aliomba kuinuliwa, akawekewa mito miwili mgongoni. Simu ilikuwa juu ya stuli, karibu na kikombe.

Wifi alisoma kurasa nane kwa sauti nzuri. Mama wa kitabuni alianza kukohoa, akafunga duka siku mbili, akaandika barua kwa mwanawe, akaiweka chini ya kopo la unga apate kuituma akipata nafuu. Hapo Wifi aligeuza ukurasa, na kama wanavyofanya wasomaji wazoefu, macho yakatangulia kabla ya mdomo. Yaliona maiti ya mama imelazwa juu ya benchi la kukandia unga. Yaliona barua imekutwa na mpangaji mpya, haijatumwa. Yaliona kijana anashuka kwenye treni, anafika dukani, anakuta mbao zimepigiliwa mlangoni, anagonga, anagonga tena.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Hakimu.

Wifi aliinua uso. Alimwona mwenzake amejiinua kwenye mito, shingo imekuwa nyembamba kama kifundo cha mkono, macho yamefunguka kwa hamu ya kujua. Kumsomea mtu yule maneno yale! Labda mwingine angeweza. Bi Miwani angeweza. Wifi alikuwa amembeba mwanamke huyu mgongoni kwenda chooni asubuhi ile ile, na alijua uzito wake.

"Macho yameingia vumbi," alisema.

Kisha akasoma, yaani aliangalia karatasi akasema ya kwake. Alisema kwamba asubuhi moja mama alisikia mlango unagongwa. Akauliza, nani? Sauti ikajibu, mimi, Mama. Akafungua, akamkuta mwanawe amesimama na mfuko begani, vumbi la machimboni lingali kwenye nyusi. Mama hakuweza kusema kitu. Kijana akaingia, akanawa mikono, akaanza kukanda unga kama mtu ambaye hakuondoka hata siku moja. Wifi hakujua maneno hayo aliyatoa wapi. Yalikuja yenyewe, matamu, mpaka naye akayaamini.

Alipofunga kitabu, Hakimu alikuwa analia. Katika miaka yote, hata siku ya msiba wa mumewe, Wifi hakuwahi kuyaona machozi yale.

"Kaja mwenyewe," alisema Hakimu.

"Kaja mwenyewe."

"Hakuitwa."

"Hakuitwa," alisema Wifi.

"Barua haikutumwa, na bado kaja." Alijifuta kwa kiganja. "Unaona, Wifi? Damu haihitaji barua. Na wangu atakuja. Mimi nilikuwa nataka kuharakisha mambo kwa woga tu." Akanyoosha kidole kwenye stuli. "Ondoa simu yako hapo isije ikamwagikiwa maji."

Alilala mapema, usingizi mzito ambao hakuupata wiki nyingi. Wifi alikaa na simu mapajani. Ndipo alipoanza kuelewa alichofanya.

* * *

"Mmemaliza?" Bi Miwani alimdaka mlangoni asubuhi. "Kasemaje? Kampigia?"

Wifi alichukua pembe zake za shuka. Mrefu na kibarua walikuwa meza ya pili. Alisimulia kwa sauti ya chini, hakuficha kitu, na kadiri alivyosimulia ndivyo shuka lilivyolegea kati yao mpaka likagusa sakafu.

"Nilikupa kitabu kimtie hofu," alisema Bi Miwani. "Wewe ukampa usingizi."

"Ungeniambia mwisho! Ungeniambia mapema nikajitayarisha. Umeniacha nikumbane nao pale, ananitazama usoni."

"Ningekuambiaje na kanuni iko hivyo?"

Wakatazamana. Wanawake wawili wazima, mmoja ana wajukuu, walikuwa wameitii kanuni ya foronya mpaka imewafikisha hapo. Bi Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka safi, jambo ambalo mtu hutozwa faini, na msimamizi aliyekuwa akipita aliona akapita.

"Nenda nyumbani," alisema. "Nitakukunjia. Nenda kamwambie ukweli."

* * *

Hakimu alikuwa amemwomba binti wa jirani amchane nywele. Alipomwona Wifi saa ile alitabasamu. "Wamekufukuza na wewe?"

"Wifi, mwisho wa kile kitabu sio ule niliokusomea."

Akamweleza. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya shuka, kisha akacheka kicheko kifupi kilichomkwaruza kifua.

"Bi Miwani kakutuma."

"Hakunituma."

"Kakutuma. Namjua yule, toka mwanzo anataka nimpigie mtoto. Ameona kitabu hakikumsaidia, sasa anabadilisha mwisho."

"Nakusomea sasa hivi, nikiweka kidole kwenye mstari."

"Na mimi kidole chako nitakionea wapi?"

Alisoma hata hivyo. Alisoma kila neno, benchi, barua, mbao za mlangoni, na sauti ilimtetemeka kwa sababu alikuwa akimsomea mtu anayekufa habari za kufa. Akamaliza. Hakimu alitikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyeletewa kazi mbovu.

"Hujui kutunga, Wifi. Huu umekaa kama kitu cha kulazimisha. Ule wa jana ndio wa kweli, hata wewe ulikuwa unaamini, nilikusikia." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mchana mlango usifungwe kwa komeo. Asije akadhani hatupo."

Wifi alitoka nje, akaenda mpaka kwenye bomba la maji la wapangaji, akapiga moyo konde akavunja kiapo. Simu iliita sana kabla haijapokelewa. Nyuma ya sauti ya kijana mashine zilikuwa zinanguruma.

"Shangazi? Kuna nini?"

"Mama yako anaumwa sana. Njoo."

"Kaniita?"

Alifikiri kusema asemalo mtu mwaminifu. Lakini akiambiwa hapana, atauliza maswali, atasita, na siku zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

"Amekuita."

"Mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Alisikia kijana anavuta pumzi, akasema kitu akakimeza, na Wifi hakuhitaji arudie. Alikuwa analia.

"Mwambie nakuja. Kesho jioni niko hapo."

Hakumwambia Hakimu. Angemwambia, lingefuata swali la nani kamwita, na huyo ndiye mtu aliyesema kwamba mtoto akija kwa ugonjwa amekuja kwa maiti. Basi alinyamaza, akajipa moyo kwamba jioni ya kesho kijana atasukuma mlango mwenyewe, na uongo wake wa kwanza utageuka kuwa kweli. Usiku kucha aliomba hilo tu.

* * *

Asubuhi Hakimu aliamka pumzi zikiwa fupi. Alikataa maji. Alitaka ageuzwe atazame mlango, na Wifi akamgeuza. Saa nne na kitu mlango uligongwa.

Hakimu alifungua macho. Sauti yake nzito, ile ya chumba cha kukunjia, ilirudi yote kwa neno moja.

"Nani?"

"Mimi," alijibu Mrefu, akaingia na chupa ya uji, ameinama kidogo kwa urefu wake.

Hakimu alimtazama kwa muda. "Karibu," alisema kwa adabu. Alikuwa mtu wa adabu, watu hawakumjua tu. Akafumba macho. Hakuyafumbua tena, na kabla ya saa sita alikuwa ametulia kabisa, mkono chini ya shavu.

Bi Miwani alileta shuka. Lilikuwa jipya, limenyooka, na hakuna aliyemuuliza kalitoa wapi. Walimfunika wao wenyewe, Bi Miwani na Wifi, kila mmoja na pembe zake.

Kijana alifika jua likiwa bado lipo. Aliona viti uani, aliona wanaume wa jirani wamesimama kwa kumpisha, akajua, lakini aliendelea kutembea kwa mwendo ule ule, mfuko begani, vumbi jekundu la matofali kwenye viatu. Aliingia chumbani. Alikaa huko peke yake, na nje watu walimsikia. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, akapiga magoti mbele ya mkeka aliokalia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nashukuru uliniambia, Shangazi. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba ameniita." Maneno yalikuwa yanamezwa, akayarudia. "Niambie alivyosema. Aliniita vipi? Yale maneno yake yenyewe."

Bi Miwani aliinamisha kichwa. Wifi alikuwa na jibu tayari. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, zuri kuliko lile la mikate. Mwambieni mwanangu nimekosa, arudi nyumbani. Nani angembishia? Kijana angeishi na maneno hayo maisha yake yote. Alifungua mdomo kuyasema, akamwona Hakimu akilini, amejiinua kwenye mito, analia kwa furaha, na mdomo ukakataa.

"Hakukuita, baba. Niliyekuita ni mimi. Yeye alikuwa anakungoja."

"Ananingojaje na hakuniita?" Kijana alimkazia macho, haelewi. "Nani alimwambia nitakuja?"

"Mimi," alisema Wifi.

Kijana alibaki amemshika mkono kitambo kirefu. Kisha akauachia.